Sokoke: Paka wa Pwani ya Kenya aliyeandikiwa nasaba Ulaya

KATIKA vijiji vya Chala, wadi ya Taveta inayopakana na Tanzania na iliyobeba jina la ziwa lililomo ndani ya kasoko ya volkeno, paka hafugwi kwa ajili ya urembo. Hufugwa kwa sababu ya mahindi. Ghala lisilo na paka ni mali ya panya, na mkulima anayetafuta mtoto wa paka kwa jirani haulizi babu yake alikuwa nani. Huuliza tu kama mama yake ni mwindaji.

Hata hivyo, mtu akiwatazama paka hao kwa makini, iwe Chala, Bomani au mitaa ya mji wa Voi, ataona kwamba hawafanani. Wengi wana mistari myembamba inayoshuka mbavuni. Mara mojamoja huzaliwa mmoja mwenye mabaka mapana yaliyozungukana kama mishipa ya jiwe la marumaru. Paka wa namna hiyo huibua maswali mawili. La kwanza ni iwapo ana damu ya kimburu, yaani paka wa mwituni, kwa kuwa mbuga ya Tsavo haiko mbali. La pili ni iwapo huyo ndiye Sokoke, paka wa Kenya anayetajwa katika vitabu vya wafugaji wa ng’ambo.

Maswali yote mawili yana majibu, na majibu yake hayako mahali ambapo wengi wangeyatafuta.

Sokoke ni mbegu ya paka wa kufugwa wa manyoya mafupi. Jina lake limetokana na msitu wa Arabuko-Sokoke ulioko Kaunti ya Kilifi, kati ya mji wa Kilifi na Malindi, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kutoka Taveta kwa barabara ipitayo Voi na Mombasa. Msitu huo una ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba na ndio mkubwa zaidi kati ya mabaki ya misitu mikavu ya Pwani ya Afrika Mashariki. Wataalamu wa ndege wanaufahamu kwa sababu ya bundi mdogo mwenye jina hilohilo la Sokoke, na wanahistoria kwa sababu ya magofu ya Gede yaliyo ukingoni mwake. Paka ni mgeni wa karibuni katika orodha hiyo ya sifa.

Habari yake iliyoandikwa inaanza mwaka 1978. Jeni Slater, mkazi wa Pwani aliyekuwa mfugaji wa farasi na mchoraji wa wanyama, aliwakuta watoto wa paka katika shamba lake la minazi karibu na Watamu. Umbo lao na mchoro wa manyoya yao havikufanana na vya paka aliowazoea. Aliwachukua wawili, dume na jike, akawalea nyumbani, nao wakazaa watoto waliowafanana.

Neno “aligundua” hutumika sana katika maelezo ya tukio hilo, nalo linahitaji kupimwa. Wagiriama wa maeneo ya Watamu na Gede hawakuhitaji mtu wa kuwagundulia paka waliokuwa wakiwaona. Jina linalotajwa kuwa ndilo walilompa, ambalo katika vitabu vya kigeni huandikwa “khadzonzo”, linaelezwa kuwa la Kigiriama na huhusishwa na gome la mti. Ulinganisho huo ni sahihi kupita maelezo mengi ya kitaalamu. Paka huyu akijilaza juu ya tawi kavu, jicho hupata taabu kutenganisha mnyama na mti.

Kilichofanyika mwaka 1978 ni jambo jingine, nalo ni kuwatenga wanyama wachache, kuwazalisha wenyewe kwa wenyewe, na kuweka kumbukumbu za nani alizaliwa na nani. Hapo ndipo mbegu huanzia. Paka anaweza kuishi mahali fulani kwa miaka elfu moja bila ya kuitwa mbegu, kisha akapata hadhi hiyo ndani ya vizazi vichache kwa sababu mtu ameshika daftari.

Daftari hilo halikubaki Kenya. Rafiki wa Slater, Gloria Moeldrup, raia wa Denmark, aliwachukua baadhi ya paka hao hadi kwao katika miaka ya mwanzo ya 1980, kwa hofu kwamba wasingesalimika nchini. Walionyeshwa hadharani huko kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Mwanzoni waliitwa kwa jina la jumla la paka wa Kiafrika wa manyoya mafupi, kisha jina la msitu likachukua nafasi yake. Mwaka 1993, Shirikisho la Kimataifa la Paka, FIFe, lililo na nguvu zaidi barani Ulaya, liliitambua rasmi mbegu hiyo na kuipa alama ya herufi tatu, SOK. Vyama vingine vikafuata baadaye, kikiwemo TICA chenye makao Marekani na GCCF cha Uingereza.

Kwa hiyo, hati ya kuzaliwa ya paka huyu iliandikwa Ulaya, ingawa kitovu chake kilizikwa Kilifi.

Sasa kuhusu sura yake. Sokoke ni paka wa umbo la wastani, mwembamba lakini mwenye misuli, na uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo tatu na tano. Miguu ni mirefu, na ya nyuma imepita ya mbele kwa urefu, jambo linalompa mwendo wa pekee, kana kwamba anatembea kwa ncha za vidole. Kichwa ni kidogo kikilinganishwa na mwili. Masikio ni makubwa na husimama wima, na wale wenye vishungi vya manyoya nchani hupendelewa. Macho yana umbo la lozi, rangi yake ikianzia kaharabu hadi kijani hafifu, nayo yamezungushiwa ukingo mweusi mithili ya wanja. Mkia ni mrefu, huchongoka kuelekea mwisho, na ncha yake ni nyeusi.

Manyoya ndiyo kitambulisho chake kikubwa. Ni mafupi, yamelala juu ya ngozi na yanang’aa, na tabaka la chini lililo laini, lile linalowapa joto paka wa nchi za baridi, ni dogo mno. Hilo ni vazi la mnyama wa Pwani. Waliowafuga Ulaya waliogopa mwanzoni kwamba baridi ingewadhuru, lakini ikaonekana kwamba wanaizoea.

Rangi inayokubaliwa ni moja tu, kahawia yenye mabaka meusi. Mabaka hayo ni mapana na hujizungusha ubavuni. Hata hivyo, tofauti na paka wengine wenye mabaka, weusi wa Sokoke haukuiva ukawa mweusi mtupu. Ndani ya kila baka mna nywele zenye pete, yaani nywele moja huwa nyeusi mahali na ya rangi ya mchanga mahali pengine. Matokeo yake ni kwamba baka huonekana kana kwamba lina tundu katikati, au kana kwamba mtu amenyunyiza chumvi na pilipili manga juu ya mkaa. Ni hali hii iliyomfanya mtu wa kwanza aone gome la mti.

Ni kwa sababu ya vazi hili na miguu mirefu ndipo ukazuka uvumi, ambao haujafa, kwamba Sokoke ni mnyama wa mwituni aliyefugwa, au chotara wa paka wa nyumbani na wa porini. Hapa ndipo Chala inapoingia katika habari hii, kwa sababu mkazi wa pembezoni mwa Tsavo anaweza kumjua kimburu kwa macho, tofauti na mnunuzi wa paka aliyeko Copenhagen.

Tuweke kando kwanza mondo na simbamangu, ambao ni jamii nyingine kabisa na hakuna anayeweza kuwachanganya na paka wa jikoni. Kimburu, ambaye jina lake la kisayansi ni Felis lybica, ndiye mwenye utata. Anatoshana na paka wa nyumbani. Lakini miguu yake ni mirefu zaidi, na akiketi kifua chake husimama wima kama sanamu za paka wa Misri ya kale. Mgongo wa masikio yake una wekundu wa kutu. Mistari yake ni hafifu na hushuka mbavuni kwenda chini, na mkia wake una pete zinazoishia kwenye ncha nyeusi. Mabaka ya mzunguko hana.

Kukosa mabaka ndiko kunakoubomoa uvumi wote. Mwaka 2012, watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba tofauti kati ya mistari na mabaka husababishwa na kinasaba kimoja, kiitwacho Taqpep. Kinasaba hichohicho kikiharibika kwa duma, humbadilisha yule wa madoa madogo akawa “duma mfalme” mwenye michirizi mipana mgongoni. Mistari ndiyo hali ya asili, na mabaka ni badiliko lililozuka miongoni mwa paka wa kufugwa. Uchunguzi wa mifupa na mabaki ya paka wa kale uliochapishwa mwaka 2017 uliliona badiliko hilo kwa mara ya kwanza katika paka wa karne ya 14, katika nchi ambayo sasa ni Uturuki. Halikuenea sana hadi karne ya 18.

Maana yake ni kwamba mnyama mwenye mabaka amebeba ushahidi wa ufugaji mwilini mwake. Sokoke hakuyapata mavazi yake kutoka kwa kimburu, maana kimburu hana mavazi hayo ya kumpa mtu.

Kanuni ya urithi wa mabaka inafaa kuelezwa, kwa kuwa inajibu pia swali la mkulima wa Chala. Mtoto wa paka hupokea nakala moja ya kinasaba kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Ili awe na mabaka ni lazima zote mbili ziwe za mabaka. Akiwa na moja tu, atakuwa na mistari kama wengine, lakini ataibeba ile nyingine kimyakimya na kuirithisha. Ndiyo sababu paka wawili wa mistari, ambao hakuna anayewashuku, wanaweza kuzaa mtoto mwenye mabaka miongoni mwa ndugu wenye mistari. Mtoto huyo si muujiza, wala mama yake hakukutana na mnyama wa ajabu porini.

Ikiwa Sokoke hakutoka msituni, alitoka wapi? Jibu liko baharini.

Paka wa kufugwa wote duniani ni uzao wa Felis lybica, lakini si wa kila mahali anapoishi mnyama huyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2007, uliopima karibu paka 1,000 wa nyumbani na wa mwituni, ulielekeza asili hiyo Mashariki ya Karibu, ambako kilimo cha nafaka kilianza. Katika kisiwa cha Cyprus, wanaakiolojia walikwishafukua kaburi la miaka takriban 9,500 ambamo mtu alizikwa na paka kando yake. Tafiti za baadaye zimeipa Misri na Afrika Kaskazini uzito mkubwa zaidi katika hatua zilizofuata. Kimburu wa Tsavo ni ndugu wa ukoo huo, si baba yake.

Paka wa nyumbani walifika Pwani ya Afrika Mashariki wakiwa tayari wamefugwa. Pwani hii imefungamana na Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa pepo za kusi na kaskazi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Panya weusi, ambao asili yao ni Asia, wamethibitishwa kuwepo Unguja Ukuu, Zanzibar, tangu karne ya saba au ya nane. Jahazi lililobeba nafaka lilibeba panya, na nahodha mwenye akili hakusafiri bila paka. Wengine walishuka bandarini na hawakurudi chomboni.

Hili si dhana tupu. Mwaka 2008, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akiwemo Leslie Lyons, lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbegu mbalimbali za paka pamoja na paka wa mitaani kutoka nchi nyingi. Sokoke aliangukia pamoja na paka wa mitaani wa visiwa vya Lamu na Pate, na kwa pamoja wakaelekea upande wa paka wa Asia badala ya wale wa Ulaya. Hata miongoni mwa uzao wa paka wa mwanzo waliopelekwa Denmark, walizaliwa watoto weupe wenye nyuso na miguu myeusi, rangi inayojulikana zaidi kwa paka wa Siam. Hao hawakubaliwi katika maonyesho, lakini kwa mtu anayetafuta asili, wamesema mengi kuliko walio na vyeti.

Basi Sokoke ni paka wa Mswahili kwa kila hali. Nasaba yake imevuka bahari, akafika, akatulia, akapata jina la kienyeji.

Wanaomwandika kama “paka wa msituni” wanampa umaarufu asiouhitaji na kumnyima historia aliyo nayo. Uvumi huo pia una madhara. Mnunuzi anayeamini kwamba analipia mnyama wa mwituni hutarajia tabia za mwituni, ilhali Sokoke anasifiwa na wafugaji wake kwa ukaribu na watu, sauti nyingi na kupenda kupanda juu. Na mtu anayeamini kwamba mbegu hiyo inatokana na kimburu anaweza kushawishika kumnasa kimburu wa kweli ili “atengeneze” nyingine, jambo ambalo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hailivumilii.

Kwa Chala, hatari iko kinyume na inavyodhaniwa. Tatizo si kimburu kuingia katika damu ya paka wa nyumbani, bali paka wa nyumbani kuingia katika damu ya kimburu. Wahifadhi duniani hawamhesabu Felis lybica kuwa karibu kutoweka, ila wanataja kuchanganyika na paka wa kufugwa kuwa tishio lake kuu. Mahali ambapo mashamba yanagusana na mbuga, kama ilivyo kati ya Taveta, Voi na Tsavo, dume la nyumbani lisilohasiwa halihitaji pasi kuvuka mpaka. Kila kizazi cha machotara hupunguza miguu mirefu na wekundu wa masikio. Anayetaka kimburu abaki kimburu hana dawa rahisi kuliko kumhasi paka wake.

Upande wa Sokoke nao una wasiwasi wake. Mbegu nzima ya Ulaya ilijengwa juu ya wanyama wachache mno waliotoka eneo moja. Kuzalishana kwa ndugu kukawa hakuepukiki, na athari zake zinajulikana kwa mfugaji yeyote wa mbuzi, kwani watoto huwa wachache na dhaifu. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Jeannie Knocker, aliyekuwa akiishi Kenya, aliwapata paka wengine wenye sura hiyo kutoka eneo hilohilo la Pwani, na uzao wao ukapelekwa Denmark na Marekani. Wafugaji huwaita hao “ukoo mpya”, na wale wa Slater “ukoo wa kale”. Bila ya damu hiyo mpya, huenda tungekuwa tunaizungumzia mbegu hii kama jambo lililopita. Hata sasa Sokoke ni miongoni mwa mbegu adimu kabisa za paka duniani.

Hapo pana kinaya ambacho wakuu wa mifugo na utamaduni nchini hawajakigusa ipasavyo. Ili Sokoke wa Ulaya waendelee kuwa na afya, wanawahitaji paka wa vijijini wa Kilifi, wale wasio na cheti, ambao hakuna anayewahesabu. Paka hao nao wanazidi kuchanganyika na wengine kadiri miji ya Watamu na Malindi inavyokua na wageni wanavyoleta paka wao. Paka wa kufugwa hayumo katika sheria ya wanyamapori. Paka hao walipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, Itifaki ya Nagoya kuhusu mgawanyo wa manufaa ya rasilimali za kijenetiki ilikuwa bado haijaandikwa. Ilianza kutumika mwaka 2014. Hakuna aliyevunja sheria. Lakini pia hakuna kijiji cha Kilifi kinachotajwa katika cheti cha nasaba cha paka anayeuzwa ughaibuni kwa jina la msitu wao.

Linabaki swali la paka wa mabaka wa Chala. Je, ni Sokoke? Kwa macho, huenda akakaribia, hasa akiwa na miguu mirefu na nywele zenye pete ndani ya mabaka. Kwa kanuni za vyama, hapana. Mbegu hutambuliwa kwa nasaba iliyoandikwa, na mabaka ya namna hiyo yamo katika paka wa nchi nyingi, kuanzia London hadi Istanbul. FIFe ina daraja la wanagenzi, ambapo paka asiye na cheti husimamishwa mbele ya waamuzi, akapimwa kwa vigezo vya mbegu anayodaiwa kuwa nayo na, akifaulu, akaingizwa katika daftari kama mwanzo wa ukoo. Paka wa mkulima angelazimika kuwa na kichwa, masikio, macho, mwendo na kila baka kama kanuni zinavyotaka. Kanuni hizo hazisemi lolote kuhusu kukamata panya.